Riwaya Mpya ya Kiswahili na Mnunuzi Asiye na Orodha

Katika duka dogo la vitabu, liwe Nairobi, Nakuru au Mombasa, huingia wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza ni mzazi aliyeshika karatasi ya shule. Huyu hahitaji ushauri wa mtu. Hutaja jina la kitabu, hulipa, akaenda zake, na aghalabu hununua pamoja nacho mwongozo utakaomweleza mwanawe yale ambayo angeyaona mwenyewe lau angesoma kwa utulivu. Wa pili huja mikono mitupu. Hupitapita mbele ya rafu, huchomoa kitabu, hugeuza jalada, hukirudisha mahali pake, na mwisho huuliza kama hapana riwaya ya Kiswahili iliyo nzuri na iliyo mpya. Swali hilo fupi ndilo linalokusudiwa kuchunguzwa katika makala haya. Jawabu lake, hata likitolewa na kijana wa dukani asiyejihesabu kuwa mhakiki, ni uhakiki kamili: ni hukumu juu ya kitabu, inayotolewa kwa maneno machache mbele ya mtu mmoja, na matokeo yake huonekana papo hapo, kwani ama mtu huyo atatia mkono mfukoni ama ataondoka.

Jawabu litolewalo kwa kawaida linajulikana. Mnunuzi huonyeshwa riwaya inayotahiniwa mwaka huo. Akisema kwamba hiyo amekwisha kuisoma pamoja na mwanawe, huonyeshwa ile iliyotahiniwa kabla yake. Akiikataa na hiyo, huelekezwa kwenye rafu ya riwaya za Kiingereza, na hapo Kiswahili huwa kimempoteza msomaji aliyekuja kwa hiari yake.

Si haki kumlaumu mwuzaji peke yake. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, riwaya ya Kiswahili nchini Kenya imepata wasomaji wengi kupita wakati wowote uliotangulia, lakini imewapata kwa amri. Neema hiyo haifai kubezwa. Pasipo mtihani, wachapishaji wengi wasingethubutu kuchapisha riwaya za Kiswahili kwa wingi huo, na kizazi kizima kisingekutana na Maimuna wa Utengano wala Kongowea Mswahili wa Siku Njema. Hata hivyo amri ina gharama yake. Duka lililozoea kuuza kwa orodha husahau namna ya kuuza kwa maneno, mithili ya mvuvi aliyeletewa samaki mlangoni miaka mingi hata nyavu zikamwozea.

Na samaki hao hawaletwi tena kama zamani. Kuanzia mwaka 2018 vitabu vya kiada vya shule za umma vilianza kupelekwa shuleni moja kwa moja na wachapishaji kwa mpango wa serikali, na duka dogo likapitwa njiani. Kabla ya hapo, sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilikuwa imeongeza asilimia 16 juu ya bei ya vitabu. Kwa hiyo yule mnunuzi wa kwanza, mwenye karatasi, amepungua, na wa pili, ambaye zamani alichukuliwa kama mpita njia, ndiye anayeweza kuliweka wazi duka la mtu binafsi lisilo tawi la kampuni kubwa. Hapana budi basi kuuliza ni maneno gani mwuzaji huyo amepewa ya kumwambia.

Hapa mhakiki wa Kiswahili hana la kujivunia. Kwa zaidi ya miaka arobaini uhakiki ulioandikwa katika vyuo na kuteremshwa madarasani umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika mafungu mawili, fani na maudhui, kisha kuyaorodhesha maudhui kama bidhaa katika stakabadhi. Mgawanyo huo ulikuwa na faida yake: ulimfunza msomaji kwamba riwaya si hadithi ya kupitisha wakati tu, bali ina neno la kusema juu ya jamii. Lakini ukipelekwa dukani hauna nguvu hata kidogo. Tuseme mwuzaji anamweleza mnunuzi kwamba riwaya aliyoishika inazungumzia uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi, ukabila, nafasi ya mwanamke na umuhimu wa elimu. Je, ameishika riwaya gani? Yaweza kuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012). Yaweza kuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Yaweza kuwa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi (2021). Orodha ni ile ile, na mnunuzi mwenye akili atajiuliza kwa nini anunue ya tatu ilhali amekwisha kusoma ya kwanza.

Ilhali aliyezisoma anajua jinsi zisivyofanana. Katika Kidagaa Kimemwozea kuna kijana, Amani, ambaye mswada wake umeibwa na mwalimu akauchapisha kwa jina lake mwenyewe, na mswada huo una jina lile lile la kitabu ambacho msomaji amekishika mikononi. Huu ni mzaha wa kisanaa ulio mzito, kwa sababu kila ukurasa unaofunguliwa unakuwa kama ushahidi katika kesi ya wizi. Msomaji anayependa kuona siri ikifumuka pole pole, na mkubwa mwenye majivuno akiumbuka mbele ya watu, amepata kitabu chake. Katika Nguu za Jadi hali ni nyingine kabisa. Mangwasha ni karani katika ofisi ya chifu. Hupokea barua, huona nani anaingia na nani anatoka, na siasa nzima ya Matuo, baina ya Mtemi Lesulia na mpinzani wake Lonare, inapita juu ya meza yake. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma, akajua kwamba mkuu hutoa amri lakini karani ndiye ajuaye, atamfahamu mwanamke huyu tangu mwanzo. Maneno kama haya hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Yanahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kwamba mwuzaji awe amekisoma kitabu.

Jalada la nyuma halimsaidii. Maandishi ya wachapishaji yamekuwa na lugha yake, ambayo mtu akiisoma kwenye vitabu kumi hawezi kusema ni kipi ni kipi: mwandishi ni stadi, lugha ni ya mnato, taharuki inatanda, na kazi yenyewe inachimbua masuala ibuka. Yamkini hakuna riwaya iliyowahi kutolewa nchini ambayo taharuki haikutanda katika jalada lake. Sifa inayotolewa kwa wote haimsifu mmoja.

Lililo gumu zaidi ni lile la kitabu kinachofuata. Mnunuzi asiye na orodha mara nyingi hujieleza kwa kitabu alichokipenda zamani, na katika Kenya kitabu hicho mara nyingi ni Siku Njema (1996). Mwuzaji asiyejua la kufanya humpa riwaya nyingine ya Walibora, na pengine hatakosea. Walakini kufuata jina la mwandishi ni njia yenye mashimo. Mfano ulio wazi ni Said Ahmed Mohamed. Aliyeisoma Utengano (1980) akiwa mwanafunzi anakumbuka hadithi iliyonyooka, ya binti aliyefungiwa ndani na baba yake Bwana Maksuudi, akatoka akaangukia katika maisha ya mji. Mtu huyo akipewa Dunia Yao (2006) kwa hoja kwamba mwandishi ni yule yule, atakuta kitabu kinachojichungulia chenyewe, kinachohojiana na sanaa yake, ambamo tukio halifuati tukio, na atadhani amechapishiwa kurasa zilizopangwa vibaya. Mwandishi ni mmoja, lakini robo karne imepita baina ya vitabu hivyo, na katika muda huo aliyebadilika ni mwandishi. Msomaji hakuambiwa.

Afadhali mwuzaji aulize ni nini kilichobaki moyoni. Siku Njema hupendwa kwa sababu zaidi ya moja. Wako waliovutwa na sauti ya kijana anayesimulia habari zake mwenyewe pasipo kujihurumia kupita kiasi. Wako waliovutwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na harufu ya pwani inayomfuata. Na wako, pengine ndio wengi, waliovutwa na safari: mtoto aliyedharauliwa kwa kutojulikana baba yake, akafunga safari kutoka Tanga kuingia Kenya kumtafuta.

Huyu wa mwisho anafaa kupewa Peponi. Hii ndiyo tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis ameifasiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022. Ni rahisi kuiuza kwa kusema kwamba mwandishi wake alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na wengi watainunua kwa heshima hiyo, wakaiweka sebuleni. Lakini ikielezwa kwa namna nyingine itasomwa. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Anapandishwa gari la moshi pamoja na mfanya biashara tajiri ambaye amezoea kumwita kwa jina la jamaa, na ambaye kila ajapo nyumbani humpa sarafu. Baadaye, dukani kwa tajiri huyo, kijana mwenzake anamfungua macho: mtu huyo si jamaa yake hata kidogo, baba yake Yusuf alikuwa na deni, na Yusuf ndiye rehani. Kongowea Mswahili anasafiri kumtafuta baba, ilhali Yusuf anasafiri kwa sababu baba amemtoa. Riwaya hizi mbili zikiwekwa pamoja zinahojiana, na msomaji aliyetoka katika ya kwanza ana swali tayari la kuipeleka katika ya pili.

Ni haki pia aonywe. Siku Njema ina faraja ya methali iliyo katika jina lake. Peponi haitoi faraja ya namna hiyo, na mwisho wake unamwacha msomaji amesimama njiani. Mwuzaji anayeficha jambo hilo kwa kuogopa kumpoteza mnunuzi atampoteza mara ya pili, mtu atakapokuja kulalamika, au zaidi, atakapoacha kuja.

Kuna jambo jingine katika Peponi linalomhusu msomaji wa Kiswahili pekee, na ambalo wahakiki wa Kiingereza hawawezi kumfanyia kazi. Katika Kiingereza cha Gurnah maneno mengi ya Kiswahili yamesimama kama wageni waliokaribishwa barazani: yanaonekana, yanasikika kuwa ya mbali, na yanamkumbusha msomaji kila mara kwamba yuko ugenini. Katika tafsiri maneno hayo yamerudi kwao, yakaketi miongoni mwa ndugu zao na hayaonekani tena. Hilo ni pato na ni hasara pia. Misafara ya bara, maduka ya pwani na mabishano ya wachuuzi yanakuwa mambo ya nyumbani, na ukatili uliomo ndani yake unauma zaidi kwa kuwa haufanyiki tena katika nchi ya mbali. Lakini ile hali ya kijana kuishi baina ya lugha, asiyeijua vyema lugha ya mwenzake wala ya wale anaowatembelea, imekuwa vigumu zaidi kuonyeshwa. Mnunuzi aliyekwisha kuisoma kwa Kiingereza asidhani kwamba anaulizwa anunue kitabu kile kile mara mbili.

Aliyependa pwani na mwimbaji wake apewe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Hapa huzuka ubishi: riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1999, na mnunuzi alisema anataka mpya. Lakini mpya kwa nani? Zanzibar riwaya hii ni mali ya watu, na mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu yenye jina hilo hilo. Katika maduka mengi ya Kenya haijawahi kusimama rafuni, na kwa mnunuzi aliyelelewa na orodha ya mtihani ni mpya kama mkate uliotoka jikoni. Upya wa kitabu haupimwi kwa mwaka uliopigwa chapa katika ukurasa wa pili tu. Hupimwa pia kwa kile ambacho msomaji hajawahi kuonyeshwa. Na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa miaka mingi, anayetoroka ndoa hiyo na kuingia katika maisha ya Denge na wapinga ukoloni wenzake, si mhusika anayezeeka. Jambo la kumwambia mnunuzi juu ya riwaya hii ni kwamba siasa na mapenzi ndani yake havikugawiwa sura mbali mbali. Polisi wanaomwinda Denge ndio wanaoigeuza kila saa ya wapenzi kuwa saa ya kuibia.

Sasa ifikiriwe ile rafu ambayo wauza vitabu huiogopa, rafu ya riwaya zilizoachana na usimulizi wa moja kwa moja. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, aliandika Rosa Mistika na Kichwamaji, vitabu vinavyosomeka bila msaada. Kisha akaandika Nagona na Mzingile, ambavyo vimewashughulisha wahakiki hadi leo. Nagona ni kitabu chembamba. Wembamba huo umewadanganya wengi, wauzaji na wanunuzi, kwa kuwa mtu mwenye haraka hudhani kitabu chembamba ni chepesi. Anakutana na msafiri katika nchi ya ukimya, na miongoni mwa anaowakuta humo ni wanafalsafa na wanazuoni waliokwisha kufa, na baada ya kurasa kumi anakifunga kitabu na kuapa kwamba Kiswahili kimemshinda. Hakikumshinda. Aliuziwa kitabu kilicho sahihi siku isiyo yake.

Wako wanaohukumu kwamba riwaya za namna hii zimemtupa msomaji wa kawaida, na kwamba zimeandikwa ili zifundishwe tu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliyekulia katika hadithi za mazimwi, safari za ahera na ndoto zenye kufasiriwa hana sababu ya kushangaa mfu akizungumza. Kinachomshtua si ajabu yenyewe bali ni kukosa mtu wa kumshika mkono. Ndiyo maana Babu Alipofufuka (2001) ni mlango mzuri kuliko Nagona kwa anayeanza. Mhusika wake mkuu, anayeitwa K tu, ni mkubwa aliyeshiba cheo. Babu yake aliyekufa zamani anamjia na kumchukua kumwonyesha nchi aliyoshiriki kuibomoa. Mwenye kusoma anajua daima nani anasema na nani anasutwa. Kicheko kimo, tena kichungu. Mnunuzi aliyefurahia kuumbuka kwa Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea anaweza kupita kutoka kule kuja huku pasipo kuvunjika mguu, na mwuzaji anaweza kumwambia waziwazi tofauti: kule mkubwa anaumbuliwa na watu walio hai, huku anahukumiwa na damu yake mwenyewe iliyokwisha kuzikwa.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inakaa baina ya hivi viwili. Ina safari, na safari ni uti wa mgongo ambao msomaji yeyote anaweza kuushika: msimulizi anatoka kijijini akitafuta chanzo cha masaibu ya watu wake, naye anapitishwa mabara ya dunia. Asiyependa mafumbo haitampendeza, na si vibaya aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Kuna msomaji wa namna fulani, aghalabu kijana aliyemaliza chuo na kuchoka kuambiwa kwamba mambo makubwa ya dunia huzungumzwa kwa Kiingereza tu, ambaye kitabu hiki kitamkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Kumtambua msomaji huyo anapoingia mlangoni ni kazi ya mwuzaji. Hakuna tahakiki iliyochapishwa inayoweza kumfanyia.

Linalofuata ni suala la lugha, nalo ni zito, kwa sababu ndilo linalotajwa zaidi na wanunuzi wa bara. Wanasema Kiswahili cha riwaya, hasa cha Unguja na Pemba, ni kigumu. Mwuzaji mwenye pupa hujibu kwamba si kigumu, na huo ni uwongo. Msomaji wa Kitale au Embu akifungua riwaya ya Mzanzibari atakutana na maneno ya jikoni, ya baharini na ya unyago ambayo hakufundishwa. Dawa si kukanusha. Dawa ni kufungua kitabu mahali popote na kumsomea ukurasa mmoja kwa sauti, pale pale mbele ya rafu. Lugha ambayo jicho liliiogopa huwa tamu ikisikika, na kwa jambo hili mapokeo ya Waswahili yako upande wa mwuzaji: tenzi ziliandikwa zisomwe mbele ya wasikilizaji, na neno lisilojulikana lilipita kwa nguvu ya mizani na ya sauti, likafahamika kwa jirani zake. Maneno matano asiyoyajua mtu katika ukurasa hayamzuii kujua kwamba mama anamficha mwanawe jambo. Akishajua hilo, atageuza ukurasa.

Riwaya ya upelelezi inahitaji maneno machache, ingawa ingestahili mengi, kwa kuwa wahakiki wengi wa vyuo wameipita kama mtu anayepita kilabu cha pombe akiwa amevaa kanzu. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, walisomwa Tanzania na watu ambao hakuna mwalimu aliyewalazimisha. Hao ndio waliokuwa wasomaji huru wa kweli wa Kiswahili. Enock Maregesi ameufuata mkondo huo katika Kolonia Santita, riwaya ya ujasusi na magenge ya madawa ya kulevya, ikatambuliwa katika tuzo ya kwanza ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Mnunuzi anayesema anataka kitu cha kumnyima usingizi asipewe riwaya ya maadili kwa kisingizio cha kumwinua. Hakuja kuinuliwa.

Tuzo hiyo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imekuwa ishara njema kwa mwuzaji anayetafuta majina mapya. Imeleta mbele waandishi ambao hawakuwa katika orodha ya shule yoyote ya Kenya. Mojawapo ya riwaya zilizotuzwa ni Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, na jina lake peke yake ni somo la namna ya kupendekeza. Kila mwenye duka la rejareja anajua mkopo ni nini, na anajua pia kibao kilichoandikwa kwamba leo hakuna mkopo. Jina hili linachukua neno la dukani na kulipeleka mbinguni: kwa Mungu hakuna daftari la deni la kulipwa kesho. Mnunuzi akisomewa jina hilo pole pole, na kuulizwa anadhani ni nani katika nyumba hiyo anayejiona ana muda wa kulipa, ameanza kusoma kabla hajakaa.

Lakini mnunuzi huyo huenda akaondoka mikono mitupu kwa sababu nyingine kabisa: kitabu hakipo. Riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam haiingii Nairobi kwa urahisi, na iliyochapishwa Nairobi haishuki Unguja kwa urahisi, japokuwa lugha ni moja na mpaka ni wa juzi. Mwenye duka dogo akitaka nakala tano za riwaya kutoka ng'ambo ya Namanga huzitafutia msafiri wa basi. Uhakiki wa chuoni huzungumza juu ya fasihi ya Kiswahili kana kwamba ni bahari moja, ilhali kwa yule anayeagiza vitabu ni visima viwili vyenye kuta, na nakala tano zinazosafiri chini ya kiti cha abiria. Kwa sababu hiyo pendekezo zuri lisilo na kitabu nyuma yake humuudhi msomaji kuliko ukimya. Mwuzaji na apendekeze kilichopo rafuni, na kisichokuwapo akiandike katika daftari pamoja na jina la aliyekiulizia. Majina matatu katika daftari yanatosha kuagiza nakala tano.

Yapo pingamizi kwamba haya yote ni kumtwika mwuza vitabu mzigo wa mwalimu, na kwamba mfanya biashara hawezi kuwa mhakiki kwa kuwa faida inampofusha. Faida haimpofushi anayetaka mnunuzi arudi mwezi ujao. Kinachoweza kumpofusha ni mazoea, na mazoea hayo yanaonekana hata katika upangaji wa rafu: riwaya za Kiswahili hupangwa kwa kidato, karibu na kamusi na miongozo, wakati riwaya za Kiingereza hupangwa kwa majina ya waandishi, karibu na mlango. Mtu mzima anayeingia hawezi kujitambua katika rafu iliyoandikwa Kidato cha Tatu. Kuzihamisha riwaya hizo hatua sita kuelekea mlangoni hakugharimu kitu.

Mtihani wa mwaka 2022 ulipokwisha, Chozi la Heri iliondoka katika orodha, na nafasi yake ikachukuliwa na Nguu za Jadi. Katika maduka mengi jambo hilo lilichukuliwa kuwa msiba: nakala zilizobaki zilipunguzwa bei au kurudishwa nyuma ya duka. Lakini hapo ndipo riwaya hiyo ilipopata kuuzwa kwa mara ya kwanza kama riwaya. Kwa miaka mitano watoto walikuwa wameifungua ili kutafuta mbinu rejeshi na tashhisi. Sasa yaweza kuwekwa mkononi mwa mtu wa makamo aliyekuwa Rift Valley mwanzoni mwa mwaka 2008, na akaambiwa hivi tu, kwamba mwanzoni mwa kitabu yuko daktari aitwaye Ridhaa, amesimama mbele ya gofu la nyumba yake, jamaa zake wameteketea ndani yake, na waliowasha moto ni majirani zake.